Majeruhi Wengi, Waganga Wachache: Sayansi ya Kuchambua Majeruhi Wakati wa Maafa

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na nusu asubuhi, bomu kubwa lililopakiwa ndani ya lori lililipuka nyuma ya Ubalozi wa Marekani, katikati ya jiji la Nairobi. Karibu wakati uo huo, bomu jingine lililipuka nje ya ubalozi wa nchi hiyo mjini Dar es Salaam. Watu 213 walipoteza maisha Nairobi na 11 Dar es Salaam. Waliojeruhiwa Nairobi peke yake walikadiriwa kuwa zaidi ya 4,000.

Wengi wa majeruhi hao hawakubebwa na magari ya wagonjwa. Wapita njia waliwaokota, wakawapakia katika matatu, teksi na magari ya watu binafsi, wakawakimbiza hospitalini. Wengine walikwenda kwa miguu yao wenyewe huku damu ikiwachuruzika. Wanachama wa Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya na wa St John Ambulance walifanya kazi bega kwa bega na raia waliokuwa wakifukua vifusi kwa mikono. Hakuna hospitali duniani iliyoajiri waganga na wauguzi wa kutosha kuwapokea maelfu ya majeruhi katika asubuhi moja. Hivyo penye maafa ya namna hii msaada wa watu wa kujitolea hauepukiki, na swali lililo zito ni hili: mikono ikiwa michache na majeruhi wengi, nani ahudumiwe kwanza? Makala hii yaeleza jinsi sayansi inavyolijibu swali hilo.

Maana ya maafa ya majeruhi wengi

Mtu aweza kudhani kwamba maafa hupimwa kwa idadi ya majeruhi tu. Sivyo. Kipimo chake ni uwiano kati ya mahitaji na uwezo uliopo. Basi likipinduka na kuumiza watu 15 karibu na hospitali kubwa ya rufaa, ajali hiyo ni nzito, lakini hospitali yaweza kuimudu. Basi hilo hilo likipinduka karibu na kituo cha afya chenye tabibu mmoja na wauguzi wawili, majeruhi hao 15 huzidi nguvu za kituo. Hapo ndipo penye maafa ya majeruhi wengi.

Tofauti hiyo hubadili msingi wa kazi. Katika siku za kawaida mganga humpa kila mgonjwa kila kitu kinachowezekana, na aliye mahututi zaidi hupewa muda mrefu zaidi. Wakati wa maafa, lengo huwa kuokoa watu wengi kadiri iwezekanavyo kwa nguvu chache zilizopo. Saa mbili alizotumia mganga kwa mtu mmoja asiye na tumaini la kupona zaweza kuwa ndizo saa mbili ambazo watu watatu wenye tumaini walizihitaji.

Asili ya uchambuzi

Kazi ya kuwapanga majeruhi kwa kadiri ya haja yao hujulikana katika lugha nyingi kwa neno la Kifaransa, triage, lenye maana ya kuchambua. Zamani neno hilo lilitumika kwa bidhaa, kama vile sufu na kahawa, zilizochambuliwa na kupangwa kwa madaraja. Mkulima wa Kilimanjaro au wa Kagera aliyekwisha kuketi mbele ya chekeche akitenga punje njema na mbovu aijua vyema kazi yenyewe. Tofauti ni kwamba punje mbovu hutupwa, ilhali majeruhi hatupwi kamwe. Hupangiwa zamu tu.

Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Ufaransa wakati wa Napoleon, alianzisha magari mepesi ya farasi ya kuwaondoa majeruhi uwanjani wakati vita vikiendelea. Alishikilia pia kwamba aliyeumia vibaya ahudumiwe kwanza, bila kujali cheo chake wala kama ni adui. Mwaka 1846 John Wilson, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, aliongeza wazo la pili: ili upasuaji uwafae wanaouhitaji mara moja, hapana budi kuahirisha wenye majeraha madogo na pia wale ambao majeraha yao hayana dawa. Mawazo haya mawili ndiyo mizizi ya uchambuzi wa leo.

Vikosi vya kujitolea navyo vina chanzo chake. Tarehe 24 Juni 1859 majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipigana na jeshi la Austria huko Solferino, kaskazini ya Italia. Henry Dunant, mfanyabiashara kutoka Uswisi, aliwakuta maelfu ya majeruhi wamelala makanisani na majumbani katika mji wa karibu wa Castiglione bila waganga wa kutosha. Aliungana na wenyeji, wengi wao wanawake, kuwaosha, kuwanywesha maji na kuwafunga vidonda askari wa pande zote. Kutokana na aliyoyaona, alipendekeza kila nchi iandae wakati wa amani vikundi vya watu wa kujitolea waliofunzwa. Mwaka 1863 ikaundwa kamati iliyokuja kuwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Maneno yenye uzito katika pendekezo lake ni mawili: wakati wa amani, na waliofunzwa.

Mwili unapopoteza damu

Ili kuelewa jinsi mchambuzi anavyoamua, yafaa kwanza kujua mwili hufanya nini unapovuja damu. Mtu mzima ana kiasi cha mililita 70 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 70 ana takriban lita 5. Akipoteza hadi asilimia 15, yaani kama mililita 750, aghalabu haonyeshi dalili kubwa. Kati ya asilimia 15 na 30, moyo hupiga zaidi ya mara 100 kwa dakika na ngozi hupoa, kwa sababu mishipa midogo hujibana ili damu iliyosalia iende kwenye ubongo na moyo. Kati ya asilimia 30 na 40, kanieneo ya damu hushuka, pumzi huenda mbio, na akili huanza kuchafuka. Ikipita asilimia 40, kifo kimekaribia.

Kwa hiyo pumzi, mapigo ya mshipa na akili ni kama saa tatu zinazoonyesha muda uliobaki. Hazihitaji mashine. Mtu yeyote aliyefunzwa aweza kuzisoma, hata gizani, hata kando ya barabara.

Hatua nne za mchambuzi

Mwaka 1983 wazima moto na wahudumu wa hospitali moja huko Newport Beach, katika jimbo la California nchini Marekani, walibuni utaratibu mwepesi uliokuja kuenea katika nchi nyingi. Mchambuzi hutumia chini ya dakika moja kwa kila majeruhi, kisha humfunga kadi au utepe wenye rangi.

Kwanza, huita kwa sauti: anayeweza kutembea na aende pale. Wote waendao hupewa rangi ya kijani, maana yake waweza kusubiri. Kwa wito mmoja pengine nusu ya umati imekwisha kupangwa.

Pili, hutazama pumzi ya waliobaki. Asiyepumua hufunguliwa njia ya hewa kwa kuwekwa kichwa sawasawa. Akianza kupumua, hupewa nyekundu. Asipoanza, hupewa nyeusi. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika hupewa nyekundu.

Tatu, hupapasa mshipa wa kifundo cha mkono. Usipopiga, rangi ni nyekundu. Akiona damu inabubujika, huibana papo hapo au humwagiza mtu aliye karibu aibane, kisha huendelea na kazi yake.

Nne, hutoa agizo jepesi, kama vile: kaza mkono wangu. Asiyeweza kulifuata hupewa nyekundu. Aliyefaulu vipimo vyote lakini hawezi kutembea hupewa manjano. Ahitaji matibabu, lakini uhai wake hauko hatarini kwa saa hiyo.

Ikumbukwe kwamba rangi si hukumu ya mwisho. Hali ya majeruhi hubadilika, na aliyekuwa manjano saa nne aweza kuwa nyekundu saa tano. Kwa hiyo uchambuzi hurudiwa: mahali pa ajali, mlangoni pa hospitali, na tena kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji. Msaada ukiongezeka, hata aliyedhaniwa hana tumaini huangaliwa upya. Na yule ambaye kweli hawezi kupona hustahili dawa ya maumivu, maji ya kulowesha midomo, na mtu wa kumshika mkono. Kazi hiyo ni ya watu wa kujitolea, nayo haipungui thamani mbele ya upasuaji.

Hesabu ya huruma

Chukulia kwamba majeruhi 20 wameletwa katika hospitali ya wilaya yenye vikundi viwili vya matibabu. Wanne kati yao wana hatari ya kufa wasipoanza kutibiwa katika muda wa dakika 60. Sita wanaweza kusubiri saa kadhaa. Kumi wana majeraha madogo. Mwenye jeraha dogo huchukua dakika 15 na wengine huchukua dakika 30 kila mmoja. Mfano huu ni wa kufundishia tu, lakini waonyesha jambo la kweli.

Njia ya kwanza ni kufuata foleni. Wenye majeraha madogo ndio hufika mapema, kwa sababu wanaweza kutembea au kupanda gari wenyewe. Kila kikundi huhudumia watano kwa dakika 15 kila mmoja, jumla dakika 75. Mahututi wa kwanza huguswa dakika ya 75. Muda wa wote wanne umekwisha kupita.

Njia ya pili ni kuchambua. Muuguzi mmoja hutumia nusu dakika kwa kila mtu, jumla dakika 10. Mahututi wawili huanza kutibiwa dakika ya 10 na wawili wengine dakika ya 40. Wote wanne wamewahi.

Njia ya tatu ndiyo inayowatega wenye moyo mwema. Mchambuzi, kwa kuona uchungu, awapa nyekundu pia wale sita wa manjano. Sasa kuna watu 10 wenye rangi moja, na vikundi haviwezi kuwatofautisha. Wawili huanza dakika ya 10, wawili dakika ya 40, wawili dakika ya 70, na kadhalika. Nafasi zilizo kabla ya dakika ya 60 ni nne tu kati ya kumi. Kila mahututi wa kweli ana uwezekano wa 4/10 wa kuwahi. Kwa wastani watawahi 4 × 4/10, yaani 1.6. Rangi nyekundu iliyotolewa kwa huruma imewanyima wengine nafasi ya kuishi.

Haya si ya ubaoni tu. Mwaka 1988 madaktari wapasuaji wa Kimarekani Frykberg na Tepas walichapisha uchunguzi wa milipuko 220 ya mabomu ya kigaidi yenye majeruhi 3,357. Walikuta kwamba waliosalimika wengi hawakuwa na majeraha ya kutisha uhai, na kwamba penye mahututi wa uongo wengi ndipo mahututi wa kweli walipoelekea kufa kwa wingi zaidi.

Aina ya maafa na aina ya jeraha

Kikosi kinachojua chanzo cha maafa chaweza kutabiri majeraha kabla ya kuyaona. Mlipuko hutoa wimbi la kanieneo ambalo huumiza hasa viungo vyenye hewa ndani yake: masikio, mapafu na matumbo. Mtu aweza kuonekana mzima kwa nje, kumbe mapafu yake yamejeruhika. Kisha hufuata vipande vinavyoruka. Huko Nairobi mlipuko mdogo ulitangulia, na watu wengi maofisini wakaenda madirishani kutazama kulikoni. Mlipuko mkubwa uliofuata ulivunja vioo vya majengo ya jirani, ikawa majeraha ya uso na macho ni mengi mno. Somo lake ni rahisi na yafaa kila mwanafunzi alishike: ukisikia mlipuko, jitenge na dirisha.

Tetemeko la ardhi lina hatari yake. Mwaka 1941, London iliposhambuliwa kwa mabomu, Bywaters na Beall walieleza habari za watu waliofukuliwa wakiwa hai na wenye kuzungumza, kisha wakafa siku chache baadaye kwa figo kushindwa kazi. Msuli uliobanwa kwa saa nyingi hufa. Unapoachiliwa, humwaga katika damu potasiamu na protini iitwayo mioglobini. Potasiamu yaweza kusimamisha moyo, na mioglobini huharibu figo. Kwa hiyo wataalamu huanza kumtilia majeruhi maji ya chumvi mshipani hata kabla hajaondolewa kifusi juu yake, inapowezekana. Tetemeko la Armenia la tarehe 7 Desemba 1988 liliua zaidi ya watu 25,000, na waliosalimika wengi walihitaji kusafishwa damu kwa mashine zilizoletwa kutoka nje. Baadaye chama cha kimataifa cha wataalamu wa figo kiliunda kikosi maalumu cha kushughulikia maafa ya namna hiyo.

Nia njema peke yake haitoshi

Wahenga walisema wapishi wengi huharibu mchuzi. Baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, vikosi vingi vya waganga wa kujitolea vilimiminika kutoka nchi mbalimbali. Vingi vilifanya kazi kubwa. Lakini vingine vilifika bila chakula, maji wala dawa zao wenyewe, vikawa mzigo kwa wale waliokuja kuwasaidia. Baadhi vilipasua watu bila kuweka kumbukumbu na bila mpango wa nani atawatunza wagonjwa vikisha kuondoka.

Kutokana na hayo, mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu wa kuvipanga vikosi hivyo kwa daraja. Kikosi cha daraja la kwanza hutibu wagonjwa wasiolazwa, na kisichohamahama hutakiwa kumudu angalau 100 kwa siku. Kikosi cha daraja la pili huongeza upasuaji na angalau vitanda 20. Hutakiwa kumudu operesheni kubwa 7 au ndogo 15 kwa siku. Kikosi cha daraja la tatu hutoa huduma za hospitali ya rufaa. Vyote hutakiwa kujitegemea, kuweka kumbukumbu, na kufanya kazi chini ya uongozi wa wizara ya afya ya nchi iliyopatwa na maafa.

Hata hivyo ndege haiwezi kuiwahi damu inayobubujika. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu aweza kufa katika dakika chache tu. Kikosi kutoka nchi ya mbali hufika baada ya siku moja au zaidi. Maadam muda ni huo, anayeokoa maisha katika saa ya kwanza ni jirani, dereva, mwalimu, au mwanafunzi aliyekuwa karibu. Thamani yake hutegemea alijifunza nini kabla ya siku hiyo.

Wajibu wa shule

Mambo manne yaweza kufundishwa katika shule yoyote bila gharama kubwa. La kwanza ni kubana damu: kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kwa nguvu, bila kuachia kila mara ili kuchungulia. La pili ni kufungua njia ya hewa na kumlaza kwa ubavu aliyezimia lakini anapumua. La tatu ni kujilinda: kutokimbilia penye moto, waya wa umeme, ukuta unaotaka kuanguka, au lori la mafuta lililopinduka. Mwokoaji akiumia, majeruhi wameongezeka na waokoaji wamepungua. La nne ni kutii uongozi: kuwapeleka wenye majeraha madogo katika vituo vingine, ili hospitali ya karibu isijae kabla mahututi hawajafika.

Chama cha huduma ya kwanza shuleni, kikishirikiana na tawi la Msalaba Mwekundu la mahali hapo, chaweza kufanya zoezi mara moja kila muhula. Wanafunzi 20 huvishwa kadi zenye maelezo ya majeraha, na wanafunzi watatu hupewa dakika 10 za kuwachambua. Baada ya zoezi, darasa zima hujadili kila rangi iliyotolewa. Mara nyingi kosa linaloonekana ni mchambuzi kusimama kwa yule anayepiga kelele zaidi. Anayepiga kelele anapumua. Aliyenyamaza ndiye wa kutazamwa kwanza.

Maswali ya kujadili

1. Mtu mzima ana uzito wa kilo 60. Kadiria kiasi cha damu yake. Akipoteza lita 1.5, amepoteza asilimia ngapi, na dalili gani zatazamiwa?

2. Katika mfano wa majeruhi 20, chukulia kwamba mchambuzi amewapa nyekundu mahututi wanne na watu wawili tu wa manjano. Kwa wastani mahututi wangapi wataanza kutibiwa kabla ya dakika 60?

3. Eleza kwa nini mtu aliyebanwa na kifusi kwa saa nyingi aweza kuzidiwa baada ya kuokolewa, na si kabla.

4. Majeruhi mmoja ni ndugu wa mchambuzi, naye amepewa rangi ya manjano. Je, ni haki ahudumiwe kabla ya mgeni mwenye nyekundu? Toa hoja za pande zote mbili.

5. Chora ramani ya eneo la shule, uonyeshe mahali ambapo wenye kijani, manjano na nyekundu wangewekwa, na njia ya gari la wagonjwa. Eleza sababu za kila chaguo.